Mnaendesha Tu

Ukitoka Garissa kuelekea Masalani kupitia Bura, pale pasipo na lami dereva hafuati barabara, anachagua. Mvua ikinyesha, udongo mweusi unameza magurudumu. Gari la kwanza linakwama, la pili linapita kando, la tatu kando ya kando. Msimu ukiisha kuna njia nyingi sambamba, na pale zilipopita hakuna tena majani ya ng'ombe.

Sisi tuliita hiyo uhuru. Vijana watano wa Nairobi, Land Cruiser ya kukodi. Wengine hupenda kwenda kwenye misonobari na baridi kule Kinale. Sisi tulitaka mchanga, migunga, na bahati ya kumwona hirola, yule swala ambaye dunia nzima wamebaki chini ya 500. Tulipunguza upepo wa matairi, gari likaogelea juu ya mchanga. Raha tupu, sitadanganya.

Mbele kidogo mzee akatusimamisha, amembeba mjukuu mwenye homa, anampeleka hospitali Masalani.

"Vijana, mmebeba nini?"

"Hatujabeba kitu, mzee. Tunaendesha tu."

Akatazama viti vya nyuma, vimejaa mahema na kreti za soda. "Mnaendesha tu," akarudia. Hakuwa anatudhihaki. Alikuwa anajaribu kuelewa.

Tukapanga vitu upya, wakaingia.

Rafiki yangu husema raha yetu haimdhuru mtu: tulinunua mafuta, tulikula Bura, tukaacha pesa. Ni kweli. Tena madereva wa malori wa huku nao hucheka wakishinda tope. Ufundi una fahari yake. Lakini wao hawakuuchagua ubovu huo. Nimejiuliza: njia ile yote ikitiwa lami kesho, nitasikitika? Kidogo, ndiyo. Hiyo "kidogo" ndiyo inaninyima usingizi. Maana yake nataka shida ya mtu ibaki palepale alipo, niwe naitembelea wikendi.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Tulipofika kwenye laga, ule mto wa msimu, tuliwaomba mzee na mtoto washuke, wavuke kwa miguu, ili tupate video ya gari likipita lenyewe. Simu niliishika mimi. Mzee akasimama ng'ambo, akamfunika mtoto kichwa kwa shuka, akangoja.

Tulirudia mara mbili. Ile ya kwanza jua lilikaa vibaya.