Nani Amefunga Mvua?

Mwezi Novemba ukielekea ukingoni, hapa Gairo watu hutazama juu kuliko wanavyotazama mbele. Mashamba yamekwisha kusafishwa, mengine yamelimwa kwa trekta la kukodi na mengine kwa jembe la ng'ombe, na upepo unaokota vumbi la barabara kuu na kulitandaza juu ya mabati. Mchana mawingu hujikusanya juu ya milima ya Ukaguru, yakawa mazito, ngurumo ikasikika kwa mbali, kisha jioni yakatawanyika. Wenye moyo wa kujaribu wamekwisha kupanda mahindi katika udongo mkavu. Wengine wameshikilia mbegu ndani, kwa kuwa hawana fedha ya kununua mara ya pili. Kanisani nako tumefika mwisho wa mwaka wa Kanisa na tunaingia Majilio, majira ya kungoja. Kumngoja Bwana na kungoja mvua huangukia wiki zilezile, na sijui ni wangapi kati yetu wanaoweza kusema kwa hakika wanangoja kipi kwa hamu zaidi.

Mvua ikichelewa mpaka Desemba inakolea, swali hubadilika. Mwanzoni watu huuliza, "Itanyesha lini?" Baadaye huuliza, "Nani ameifunga?" Swali hili la pili ndilo nataka tulitafakari, ndugu washarika, maana huulizwa na watu waliobatizwa, wengine wakiwa njiani kutoka ibadani, na jibu lake linaweza kumfukuza mtu nyumbani kwake.

Tusianze kwa kulicheka. Wazee wetu wa Kikaguru waliamini kwamba nchi ina wenyewe: ukoo wenye nchi ulikuwa na wajibu wa kutambika ili mvua inyeshe na ardhi izae, na kosa zito la mtu mmoja liliweza kuichafua nchi nzima. Sisi hatutambiki tena makaburini, tunamwomba Mungu aliye hai, lakini wazee wale walijua jambo ambalo kizazi cha simu kinalisahau, kwamba maisha ya mtu hayaishii mlangoni pake. Biblia nayo haiko mbali na wazo hilo. Sulemani alipoweka wakfu hekalu aliomba kwa ajili ya siku ambazo mbingu zingefungwa kwa sababu ya dhambi ya watu (1 Wafalme 8). Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Maandiko hayaoni uhusiano wowote kati ya dhambi na ukame, nitamwomba afungue tena kitabu.

Ila tuangalie Sulemani anamtaja nani. Wanaopaswa kugeuka na kutubu ni wao wenyewe wanaoomba. Swali letu la kisimani humtafuta mwingine, na ni vema tuone anayepatikana. Mfyatua matofali ambaye tanuri lake halijachomwa hunong'onwa kidogo, kwamba anaizuia mvua isilowanishe tofali zake. Mfanyabiashara mwenye magunia ghalani anayengoja bei ipande hunong'onwa pia. Lakini hao wana ndugu na wana fedha, minong'ono hupita. Hasara humwangukia bibi anayeishi peke yake pembeni ya kijiji, ambaye wanawe wako Dar es Salaam au wamekwisha kufa, na ambaye macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kuni tangu utoto. Nchi yetu ina historia ya aibu ya kuua vikongwe kwa tuhuma za uchawi, hasa upande wa Kanda ya Ziwa. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, lakini sheria haikai kisimani kusikiliza yanayosemwa pale.

Sasa mvua yenyewe hutoka wapi? Miezi hii jua liko kusini mwa ikweta, na ukanda wa mvua hulifuata. Upepo wa kaskazi hutuletea unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Maji ya bahari hiyo yakiwa na joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, mvua za mwisho wa mwaka huwa nyingi. Ikiwa kinyume, huwa haba. Mwaka 2019 upande wetu ulipata joto kupita kiasi, na Afrika Mashariki ikapata mafuriko. Kisha kuna milima. Mawingu yanayotoka pwani hukutana kwanza na Uluguru, yanainuliwa, yanapoa, yanamwaga maji. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma hata kufikisha 600 ni taabu. Sisi wa Gairo tuko katikati, nyuma ya milima, tukipokea kinachobaki. Kama mvua ingekuwa cheti cha utakatifu, basi Waluguru wa Kinole wangekuwa watakatifu mara tatu kuliko Wagogo. Nina marafiki pande zote mbili, na tofauti hiyo sijaiona.

Katika nchi hiihii kuna mahali ambapo maji ya majira haya hushuka kwa sura nyingine. Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, kulikuwa na asubuhi za Novemba ambapo, baada ya mvua ya usiku, mawingu yalifunguka na Kibo ikaonekana imevaa weupe mpya, ulioshuka chini kuliko wa jana yake. Sisi tuliotoka Morogoro tulisimama kushangaa. Wenzetu Wachaga waliendelea kupiga mswaki. Hewa hupoa kwa digrii kama 6 kila unapopanda mita 1,000, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, kwa hiyo wingu linalolowesha migomba ya Marangu huko juu huangusha theluji. Mara nyingi tunahubiri juu ya dhambi kusafishwa zikawa nyeupe kama theluji, tukiwahubiria watu ambao theluji yao ya karibu ni barafu ya ndani ya jokofu. Kumbe ni mvua yetu, ila imekutana na baridi.

Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyelelewa katika Ulutheri wa Württemberg, aliuona weupe huo tarehe 11 Mei 1848. Mwenyeji aliyemwongoza alimweleza kwamba kile ni baridi tu. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, akatambua anachokiona. Habari zilipofika Ulaya, wako wataalamu wa London waliokataa kwa miaka: theluji karibu na ikweta haiwezekani, huyu ameona vibaya. Walikuwa watu wasomi na hawakuwa wamekanyaga hapa. Huwakumbuka kila nisomapo juu ya rafiki zake Ayubu, ambao nao walikuwa na maelezo kamili ya jambo wasilolijua.

Na Kitabu cha Ayubu, kwa kweli, kinaitaja theluji kuliko tunavyotarajia. Elihu anasema Mungu huleta mawingu na mvua kwa kurudi watu, au kwa ajili ya nchi yake, au kwa rehema (Ayubu 37). Sababu tatu! Na aliyesimama shambani chini ya wingu hana namna ya kujua ni ipi kati yake. Mvua inayookoa mahindi ya mmoja huyeyusha tofali mbichi za jirani yake. Je, ni rehema au ni rungu? Katika sura inayofuata Mungu mwenyewe anamwuliza Ayubu kama amepata kuingia katika ghala za theluji. Ayubu hana jibu. Hajaingia. Na huyu ndiye mwenye haki wa kitabu kizima, ndiye ambaye mwishoni Mungu anasema amenena yaliyo sawa, huku wale waliokuwa na hakika ya chanzo cha msiba wake wakikaripiwa na kuambiwa wamwombe yeye awaombee. Ikiwa Ayubu hakushika ufunguo wa ghala hizo, sioni jinsi bibi wa pembeni ya kijiji anavyoweza kuushika, na kumsadiki kuwa anao ni kumpa mwanadamu heshima ambayo ni ya Mungu. Hapo ndipo tuhuma hii inapogusa imani yenyewe. Anayemwogopa bibi kwa ajili ya mvua amekwisha kumfanya bibi kuwa mungu mdogo.

Wengine hunijibu kwa Eliya. Je, mtu wa Mungu hakuifunga mvua? Naam, ilizuiliwa kwa neno la Mungu alilolisema, na kosa lililotajwa lilikuwa la ikulu, la Ahabu na nyumba yake. Hata hivyo Ahabu alipokutana na Eliya, alimwita yeye mwenye kuitaabisha Israeli (1 Wafalme 18). Mfalme naye alikuwa na swali letu, na jibu lake lilimlenga mtu mwingine. Wakati huohuo, katikati ya ukame, mwanamke mjane wa Sarepta, aliyekuwa akiokota kuni, mwenye konzi ya unga na mafuta kidogo, ndiye ambaye Mungu alimchagua ampe nabii chakula. Kwetu mwanamke wa namna hiyo, mjane, fukara, asiye na wa kumsemea, angekuwa wa kwanza katika orodha ya washukiwa.

Upande mmoja hata hivyo swali la "nani" halizikiki. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Sababu si moja. Hewa ya huko juu ilianza kuwa kavu tangu mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, na barafu isiyofunikwa na theluji nyeupe hunyonya jua na kuisha. Juu ya hayo limekuja joto la dunia, linaloongezwa na moshi wa viwanda, mitambo ya umeme na magari, mengi yakiwa katika nchi ambazo mkulima wa Gairo hatazifikia. Hapa binadamu wamegusa majira kweli, na kosa lipo. Lakini waliolifanya kwa wingi hawaishi kwa kuokota kuni.

Na sisi? Maji mengi yanayowafikia watu wa chini ya Kilimanjaro hayatoki kwenye ile barafu tunayoitazama kwa macho, bali kwenye mvua iliyoshikwa na msitu. Ukaguru ni vivyo hivyo: misitu ya juu ndiyo inayoshika ukungu na mvua na kuyaachia maji polepole kwenye vijito. Kukata mti hakufungi mvua, ila iliyonyesha hukimbia na udongo wetu. Ninajua ninachokisema hapa kinawagusa washarika, maana magunia ya mkaa hayajipangi yenyewe kando ya barabara. Najua pia kwamba gunia moja la mama fulani ni sare ya shule ya mtoto wake, kwa hiyo sitalikemea kutoka mimbarani bila kwanza kuuliza Usharika umempa njia gani nyingine.

Je, tuache kuomba mvua? Hapana. Luther, katika Katekisimu Ndogo ya 1529, anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, anatuambia kwamba Mungu huutoa mkate huo hata bila sisi kuomba, na hata kwa watu waovu. Tunaomba ili tujue unatoka kwake na tuupokee kwa shukrani. Maombi ya mvua si mkono unaozungusha ufunguo. Kisha anaorodhesha mkate huo ni nini: chakula, mavazi, nyumba, shamba, mifugo, serikali njema, hali ya hewa njema, na karibu na mwisho, majirani waaminifu. Ninapofundisha kipaimara huwaambia watoto wataje orodha hiyo bila kutazama kitabu. Chakula na ng'ombe hawavisahau. Hali ya hewa huikumbuka kama ni Novemba. Jirani ni mpaka niwaguse bega. Lakini Luther alivitia vyote katika ombi moja, na anayeomba mvua huku akimfukuza jirani anaomba kwa mdomo mmoja kitu ambacho mikono yake inakikataa.

Kuna mwaka ambao mvua za kwanza zilinyesha siku nne zikakatika, na waliopanda mapema wakapoteza mbegu. Katika mtaa wetu mmoja akina mama walikusanya mahindi ya mbegu, sado kwa sado, wawape waliotakiwa kupanda upya. Majina yaliposomwa likatajwa jina la bibi mmoja ambaye tayari alikuwa ameanza kusemwa. Mzee wa kanisa akasema huyo hata si msharika. Mwingine akasema waziwazi kile ambacho wengine walikuwa wanakificha, kwamba kumpa mbegu ni kumpa silaha. Nilikuwapo na nilisema niliyoyasema, mengi yakiwa haya mliyoyasoma, na hayakumgeuza mtu. Aliyewageuza ni mama wa makamo aliyekaa nyuma, aliyesema tu kwamba bibi yule ndiye aliyempokea mtoto wake wa kwanza usiku, barabara ikiwa haipitiki, na kama angekuwa na nia ya kuua angeanzia pale. Wakanyamaza. Wakabishana tena kidogo juu ya kiasi. Jua lilipokuwa linatua bibi alipelekewa sado moja na nusu, na vijana wawili wakaambiwa wakamsaidie kufukia.

Mvua ilirudi katikati ya Januari. Ilianzia upande wa Chakwale.