Mkono Ulioinuliwa: Uungwana Uwanjani ni Deni au ni Zawadi?

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi huikariri pasipo taabu. Lakini yafaa tuitazame upya, kwa maana inamhusu mshindwa peke yake. Yeye ndiye aagizwaye kuvumilia, ampe mwenziwe mkono, aende zake. Je, mshindi hadaiwi lolote? Katika makala haya twataka kulichungua swali hilo, na mfano wetu wa kwanza ni wa mchezo wa tenisi.

Tarehe 5 Juni 2003, mjini Paris, katika nusu fainali ya mashindano ya Roland Garros, Serena Williams wa Marekani alipambana na Justine Henin wa Ubelgiji. Wakati huo Serena alikuwa ameshika mataji yote manne makubwa ya mchezo huo. Katika seti ya tatu aliongoza kwa michezo 4 kwa 2, na katika mchezo uliofuata alikuwa mbele kwa 30 kwa 0. Alipokuwa akipiga mpira wa kuanzia, Henin aliinua mkono, ishara ya kwamba hajawa tayari. Mpira wa Serena ukanasa wavuni. Ishara kama hiyo ikikubaliwa, mpigaji hurudishiwa mpigo wake wa kwanza, na Serena aliomba haki hiyo. Mwamuzi hakuwa ameuona ule mkono. Henin, aliyejua vyema kwamba ameuinua, alinyamaza kimya. Serena akaupoteza mchezo ule. Watazamaji wakamzomea yeye mlalamikaji. Na mwisho Henin akashinda kwa 6-2, 4-6, 7-5. Siku mbili baadaye alitwaa kombe. Miaka kadhaa ilipita ndipo alipokiri kwamba kweli mkono aliuinua.

Jambo hili tulilieleza mbele ya wanafunzi wetu wa jioni hapa Zone Industrielle, ambao wengi wao ni makarani wa maghala, madereva, na wachukuzi watokao Buyenzi, mtaa unaojulikana kwa Kiswahili chake. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika raketi, lakini mjadala ulipamba moto. Mchukuzi mmoja alisema: “Mwalimu, mwenye kalamu ni karani. Akiniandikia magunia hamsini nami nimebeba arobaini na manane, mimi sikuandika kitu.” Darasa zima likacheka, na wengi wakamwunga mkono. Ndipo dereva mmoja mtu mzima alipomwuliza: “Na akikuandikia arobaini na sita, mwanangu, utanyamaza vile vile?”

Hoja ya mchukuzi tusiidharau. Ndiyo hoja aliyoitoa Henin mwenyewe baada ya mchezo: mwamuzi yupo, na kazi ya kuamua ni yake. Mwamuzi huwekwa ili wachezaji wasiwe mahakimu wa kesi zao wenyewe. Mchezaji ambaye angesimama kila mara kuungama makosa yake angeuvuruga mchezo, na pengine angewatia aibu waamuzi. Tena wachezaji wa siku hizi hula kwa mchezo huo, kama mchukuzi alavyo kwa gunia.

Hata hivyo, hoja hiyo ina mpaka, nao ni hapa: mwamuzi aweza kuamua yale tu aliyoyaona au aliyoambiwa. Mpira ukianguka karibu na mstari, wengi wanauona, naye huamua kati ya macho mengi. Lakini kama Henin alikuwa tayari au hakuwa tayari, hilo alilijua nani isipokuwa yeye? Kwa nukta ile hakuwa mchezaji tu, alikuwa shahidi. Sisi walimu wa lugha twaona la zaidi. Ishara ni lugha. Mkono ule ulisema “ngoja”, na Serena aliusikia. Mpira ulipokwisha kunasa ndipo msemaji alipoliacha neno lake lipotee kana kwamba halikusemwa. Wala hatuoni tofauti kubwa kati ya kulikana neno kwa mdomo na kulikana kwa kimya. Hapa Burundi, mshingantahe, yule mzee apigaye chini kwa fimbo ya haki, hutazamiwa aseme kweli hata ikimgharimu. Sijui kwa nini, asema dereva wetu, uwanja wa mpira uwe nchi nyingine.

Sasa tutazame mfano wa pili, ambao husimuliwa kwa sifa nyingi. Mwaka 1982, katika mashindano yale yale ya Paris, kijana Mswidi wa miaka 17, Mats Wilander, alibakiwa na pointi moja tu amwondoe José Luis Clerc wa Argentina katika nusu fainali. Mpira wa Clerc ukatangazwa kwamba umetoka nje, na mechi ikawa imekwisha. Wilander akasema mpira ulikuwa ndani, akaomba pointi irudiwe. Ikarudiwa, akashinda, na kombe akalichukua. Dunia ilimsifu kana kwamba ametoa sadaka. Hapo ndipo tunapotofautiana na wasimulizi. Wilander alirudisha kisichokuwa chake. Mchukuzi arudishaye magunia mawili hakuyagawa, ameyarudisha. Tukimtukuza mno alipaye deni, twamfundisha asiyelipa kwamba alikuwa na hiari.

Zawadi ni kitu kingine, na kwa mfano wake hatuna haja ya kutoka Burundi. Dieudonné Kwizera alikuwa mkimbiaji hodari, lakini Olimpiki za 1988 na 1992 zilimpita kwa kuwa nchi yetu haikuwa na kamati ya Olimpiki. Ilipofika Atlanta mwaka 1996, Vénuste Niyongabo, aliyekuwa amepata shaba ya mita 1500 katika mashindano ya dunia ya 1995, alimwachia Kwizera nafasi yake katika mbio hizo, yeye akahamia mita 5000, masafa aliyokuwa mgeni nayo. Kama angekataa, nani angemlaumu? Hakuna sheria iliyomdai, wala shahidi wa kumsuta. Tarehe 3 Agosti, siku chache tu baada ya serikali kupinduliwa hapa nyumbani, Niyongabo alimtangulia Paul Bitok wa Kenya kwa chini ya robo sekunde, akapata dhahabu.

Kwizera hakuvuka mchujo wa mita 1500. Alikimbia, akatolewa, na jina lake likaandikwa miongoni mwa Warundi wa kwanza kushiriki Olimpiki.