Fremu ni yako, lakini siku mbili ni dhulma

TUCHUKUE mfano wa mfanyabiashara wa Bukene, wilayani Nzega, kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza. Amepanga fremu ya duka miaka sita. Mkataba wa maandishi hakuna. Walikubaliana kwa mdomo tu, na kodi hulipwa kila mwezi. Msimu wa mpunga umekaribia, amekwishachukua mali kauli Tabora mjini, na wakulima wamekopa dukani hadi watakapovuna. Jumatano mwenye fremu anamfuata: "Shekhe, nimepata mtu mwingine. Ijumaa naomba ufunguo."

Je, mwenye fremu amedhulumu? Wengi watajibu haraka kuwa hakudhulumu, kwani mali ni yake. Ni kweli ni yake, na hakuna anayemzuia kuichukua. Lakini umiliki unampa haki ya kukatisha upangaji. Haumpi haki ya kumshtukiza mwenzake.

Ndugu msomaji, rejea mwanzo wa Surat Tawba. Mwaka wa 9 Hijria ilitangazwa kuwa mikataba na washirikina imefika mwisho. Tangazo hilo lilisomwa hadharani na Ali (ra) wakati wa Hija, watu wakiwa wamekusanyika, na wakapewa miezi minne ya kutembea kwa amani. Na wale ambao hawakuvunja ahadi yao walitimiziwa muda wao wote (9:4). Katika Surat Anfal (8:58), anayehofia khiyana ya watu alioahidiana nao anaamrishwa awarejeshee ahadi yao waziwazi, pande zote zijue sawasawa. Ikiwa adui ana haki ya kujua mapema, vipi jirani unayeswali naye safu moja apewe siku mbili?

Mafaqihi walilitazama jambo hili zamani. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, kauli yenye nguvu ni kuwa kupangisha "kila mwezi kwa kiasi fulani" bila kutaja mwisho hakusihi, kwa kuwa muda haujulikani. Mahanafi wanasema unasihi kwa mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi mpya unaoanza unawafunga wote wawili hadi uishe. Wote wanakimbia kitu kimoja: mtu kufanya biashara bila kujua mwisho wake.

Sheria za nchi nazo zinaelekea huko. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inahesabu upangaji wa mdomo kuwa wa vipindi, na notisi isipungue kipindi kimoja cha kodi. Anayelipa kwa mwezi anastahili mwezi. Kenya, sheria ya mwaka 1965 inayolinda wapangaji wa maduka na hoteli inataka notisi ya miezi miwili au zaidi, na mpangaji anaweza kuipinga barazani.

Lipo pia suala la kilemba. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah Februari 1988 lilieleza kuwa kilemba alichopokea mwenye nyumba ni sehemu ya kodi ya muda waliokubaliana. Kwa hiyo akitaka mpangaji atoke kabla muda haujaisha, kumfidia ni halali. Muda ukiisha, mpangaji hana cha kudai.

Hapo ndipo wapangaji nao wajitazame. Wapo wanaohamisha bidhaa usiku, wakaacha deni na mlango umefungwa. Wapo wanaopewa notisi ya halali kisha wakagoma kutoka kwa kuwa wamezoea. Naye mwenye fremu ana watoto, ana maradhi, ana madeni. Kumnyima mali yake baada ya muda kwisha ni dhulma vile vile.

Dawa yake imo katika aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inayoamrisha deni la muda maalumu liandikwe na kushuhudiwa. Basi kabla ya kukabidhiana ufunguo, andikeni muda, kodi, kilemba na miezi ya notisi kwa kila upande, mbele ya mashahidi wawili. Tusiseme "sisi ni ndugu, karatasi ya nini?" Undugu mwingi umevunjikia hapo hapo.

Na mwezi mmoja wa sheria ni kiwango cha chini. Ukiangukia katikati ya msimu, wakati fedha zote za mwenzako ziko kwa wakulima, muongezee hadi mavuno. Jiulize wewe ungependa upewe muda gani, kisha umpe huo.

Wallahu a'alam.