Binti Akiona Kosa, Aandike au Anyamaze?



Julai 2024 nilimpeleka binti wa dada yangu shuleni Msalato, alikochaguliwa kuingia Kidato cha Tano. Wewe uliyezaliwa pwani waijua safari hiyo. Tulitoka Tanga alfajiri, tukapita Chalinze na Morogoro, na alasiri tukaingia Dodoma penye upepo mkavu unaopasua midomo. Msalato iko nje ya mji, upande wa barabara ya Kondoa. Ni shule ya bweni ya wasichana, katika zile chache za Serikali zinazopokea watoto waliofaulu kwa alama za juu, nao hukusanyika humo kutoka kila mkoa na kila dini. Dada yangu alimfungia mwanawe sanduku la bati, shuka, msahafu, visheti, na wasia mrefu. Na wasia wote ule ukiukamua hutoki ila na neno moja: nyamaza.

Wasia huo ulikuwa na sababu. Katika shule aliyosoma kabla, ambayo siitaji jina, wanafunzi walikuwa na gazeti la ukutani. Ilikuwa karatasi kubwa ya manila yenye makala za mkono, na chini ya kila makala jina la aliyeiandika. Binti yetu aliandika mistari kama kumi. Alisema bweni lao lina milango miwili. Mmoja umepigiliwa misumari tangu mwaka uliopita, wa pili hufungwa kwa kufuli kutoka nje saa nne za usiku, na madirisha yote yana nondo. Akauliza: ukitokea moto, ufunguo atatafutwa nani? Basi, ni hayo tu. Hakumtaja mtu wala hakutukana. Kabla ya adhuhuri karatasi ilikwisha chanwa, gazeti likapigwa marufuku, na mama akaitwa shuleni kuambiwa kuwa mwanawe ana kiburi.

Wiki mbili baadaye ukuta wa choo ulikutwa umeandikwa kwa mkaa maneno machafu juu ya matroni, mengi yake uwongo mtupu. Wa kwanza kushukiwa alikuwa yeye, ingawa hakuhusika.

Tulipokuwa tunapita Gairo akanigeukia ndani ya basi. “Mjomba, nikikuta gazeti huko Msalato, nijiunge, au nifuate aliyosema mama?” Nami, Mungu anisamehe, nikajifanya nimelala.

Usidhani, ewe msomaji, kuwa swali lile ni la kitoto. Usiku wa Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, huko Machakos nchini Kenya, lilitiwa moto kwa petroli, wakafa wavulana 67. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Septemba 2020 moto ukaunguza bweni la shule ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, wakafa watoto 10. Hao wa Kyerwa ni watoto waliopelekwa na watu kama mimi na wewe wakasome dini na dunia. Mlango wa bweni ulivyo usiku haujulikani kwa mkaguzi anayekuja mchana. Wanaoujua ni wanaolala ndani yake.

Sasa tusimdharau dada yangu. Ana hoja, na hoja yake imetoka katika dini wala haikutoka katika woga peke yake. Sura ya Hujurat yakataza kusengenyana, na kumfananisha msengenyaji na mwenye kula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Sisi wa pwani tumelelewa kuwa mtoto hamsemi mkubwa, na kwamba aibu ya nyumba haitolewi barazani. Kwa nini basi mwanafunzi aitoe aibu ya shule ukutani?

Lakini wanavyuoni wamelipima jambo hili zamani kuliko sisi. Imam Ghazali katika Ihyaa, na Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin, wametaja mambo sita ambayo kwayo yafaa kumsema mtu asipokuwepo. La kwanza ni malalamiko ya aliyedhulumiwa, anapoyapeleka kwa mwenye uwezo wa kuiondoa dhulma. Katika hayo sita limo pia la kuwahadharisha watu na shari. Angalia sharti lililomo: malalamiko yanakwenda kwa mwenye uwezo, na hadhari inakwenda kwa wanaohofiwa kudhurika. Sokoni hakumo katika hesabu hiyo. Na ukuta wa shule wasomwa na nani? Wasomwa na mwalimu mkuu mwenye funguo na wasichana wanaofungiwa. Kwa rai yangu, mistari ile kumi ilifika palepale ilipotakiwa kufika.

Na kama ni adabu, tumkumbuke Bibi Khawla binti Thaalaba (R.A.). Mumewe, Aws bin Samit, alimfananisha na mgongo wa mamake, kwa desturi ya kijahilia ya kumwacha mke akiwa hana mume wala hana talaka. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.), akamweleza, akajadiliana naye, akarudia tena na tena kwa kuwa jibu la kwanza halikumwondolea shida yake. Hakuambiwa ana kiburi. Ulishuka wahyi, na Sura ikaitwa Al-Mujadala kwa ajili ya majadiliano ya mwanamke yule, nasi twaisoma mpaka leo. Mimi sijui adabu iliyo bora kuliko ile ya nyumba ya Mtume, na katika nyumba ile mwanamke alisikilizwa.

Atasema mtu: Khawla alikuwa mtu mzima, huyu ni mtoto. Ni kweli. Lakini Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akimkalisha Ibn Abbas, naye kijana, pamoja na wazee waliopigana Badri, hata wazee wakanung'unika. Umar akamwuliza mbele yao maana ya Suratun Nasr, naye akajibu walilokuwa hawakuliona. Umri ulipimwa kwa jibu.

Hata hivyo sitaki uondoke hapa ukidhani kila anachoandika mwanafunzi ni haki. Kuna kesi ya Marekani inayofaa kuijua. Mwezi Mei 1983, katika shule ya Hazelwood East, jimbo la Missouri, mwalimu mkuu aliondoa kurasa mbili nzima za gazeti la wanafunzi lililoitwa Spectrum. Makala mbili zilimtia wasiwasi. Moja ilieleza wanafunzi watatu walioshika mimba. Majina yalibadilishwa, lakini yeye aliona watajulikana tu. Ya pili ilikuwa juu ya talaka, na mzazi aliyelaumiwa humo hakupewa nafasi ya kujibu. Kesi ikafika Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile, na Januari 1988 majaji watano kwa watatu wakampa haki mwalimu. Mahakama hiyohiyo, mwaka 1969, ilikuwa imewapa haki watoto wa Des Moines, jimbo la Iowa, waliosimamishwa masomo kwa kuvaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam. Jaji mmoja wa mwaka ule alisema kwa maana kwamba mwanafunzi haiachi haki yake ya kusema langoni mwa shule.

Ukinihoji mimi, mwalimu wa Hazelwood aliona jambo la kweli akalitendea vibaya. Sitara ya binti aliyeteleza ni wajibu. Kwetu ni wajibu mkubwa kuliko kwao. Na kumhukumu baba wa watu bila kumsikiliza ni kinyume cha amri ya Hujurat ya kuichunguza habari kabla ya kuichukua. Lakini dawa ya hayo ilikuwa kumwita mwandishi, kumwambia: mwanangu, huyu atajulikana, mfiche, na yule hukumsikia, nenda kamsikie. Yeye alikata kurasa nzima, pamoja na makala ambazo hazikuwa na kosa lolote, na waandishi wakaja kuona gazeti limekwisha chapwa. Mwanafunzi akifanyiwa hivyo hajifunzi kuchunguza habari. Anajifunza kwamba mwenye kisu ndiye mwenye kusema.

Kwetu pia visu vimepita. Wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, walianzisha jarida lao Cheche mwaka 1969. Mwishoni mwa 1970 likapigwa marufuku, na katika sababu zilizotolewa ni kuwa jina lake ni la kuazima kutoka nje. Mmoja wa wahariri wa jarida lile, Bi Zakia Meghji, ndiye aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya Tanzania, mwaka 2006. Nakuachia mwenyewe kupima kama kalamu ile ilimharibu.

Nirudi kwenye ukuta wa choo, kwani hapo ndipo penye jambo lenyewe. Makala iliyochanwa ilikuwa na jina. Mwenye jina huulizwa, na akikosea huadhibiwa, na akidanganya hufedheheka. Kwa hiyo huandika kwa kuogopa, akahesabu milango kabla ya kusema ni miwili. Mkaa wa chooni hauna jina. Hauwezi kuulizwa wala kusahihishwa, na aliyetukanwa humo, maskini matroni yule, hana wa kumdai haki yake mpaka Siku ya Kiyama. Mwalimu alipoichana karatasi ile alidhani ameondoa maneno, kumbe alichoondoa ni jina lililokuwa chini yake. Maneno yalibaki, yakatafuta ukuta mwingine. Ghiba aliyoiogopa dada yangu ilikuja baada ya gazeti kufungwa, wala haikuletwa na gazeti.

Na hili lina uzito wake Dodoma kuliko kwingine. Mwendo mfupi kutoka Msalato liko Bunge, ambamo mbunge analindwa na Ibara ya 100 ya Katiba asishitakiwe kwa aliyoyasema mjadalani. Bunge hilo ndilo lililopitisha mwaka 2009 Sheria ya Mtoto, ambayo kifungu chake cha 11 champa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mlango wa chumba anacholala usipokuwa jambo linalomhusu, basi sijui ni lipi.

Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu, kwa hiyo nilimwandikia barua. Nilimwambia ajiunge. Nilimwambia aandike alichokiona kwa macho yake, amsikilize anayemlaumu kabla ya kumwandika, dhambi ya mtu ya faraghani aiache kwa Mola wake, na kila karatasi aitie jina lake kamili na la baba yake. Kisha nikamsomea mama yake barua ile kabla ya kuitia posta. Alinyamaza muda mrefu, akasema, “Na wakimfukuza?” Nikamwambia tutakwenda sote wawili. Hakuniitikia, lakini bahasha aliifunga yeye.

Mwezi uliofuata nilikwenda na wazazi wengine wawili katika ile shule ya zamani, maana wapo watoto wa jamaa wanaosoma pale. Tulipokelewa kwa heshima, tukanyweshwa chai, tukatembezwa. Kufuli sasa limehamishiwa ndani, na ufunguo umetundikwa kando ya mlango. Ule mlango wa pili tuliukuta na misumari yake.