Hodi mbele ya simu

Hapa Kasongo mtoto anajua hodi kabla hajajua kuandika. Unafika kwa mtu, unasimama nje ya barza, unaita. Mara tatu kimya, unarudi. Na ndani ya nyumba ni vile vile. Waislamu wetu wanafundishwa katika Sura ya Nuru kwamba hata mtoto anaomba ruhusa kuingia kwa wakubwa nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wakivua nguo juu ya joto, na baada ya isha. Wakristo hawana aya hiyo, lakini desturi ni moja.

Sasa simu iko na mlango gani? Usiku, wakati ule ule wa isha, kijana amelala na simu aliyochaji mchana kwenye nyumba ya sola, na mtu asiyemjua anaingia, anamwita mrembo, anaomba picha. Nani alimwambia karibu? Facebook inataka miaka 13, ila mtoto wa miaka 11 anaandika mwaka mwingine wa kuzaliwa, basi.

Wazee wengine wanasema papa akamate simu, asome yote. Sisi tunasita. Mzazi anayeingia kwa siri anafundisha kwamba hodi ni ya wadogo tu, na kesho mtoto atatumia simu ya rafiki. Lakini kumwachia kila kitu eti ni heshima, hapana. Mwenye nyumba naye hupiga hodi: haombi ruhusa, anatangaza kwamba anaingia. Afungue simu mtoto akiwa hapo, macho kwa macho.

Zito zaidi ni picha ya msichana inayozunguka kwenye masomo. Wote wanamlaumu yeye, na kidogo yule aliyeituma kwanza. Sheria ya 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na sheria ya dijitali ya 13 Machi 2023 inaadhibu picha za uchafu za watoto. Ila wale ishirini waliotazama wakacheka? Mtu akikuta mwenzake anaoga mtoni, anakohoa, anageuka, anapita njia nyingine, hangoji sheria. Vijana watasema: picha ilikuja yenyewe, sikuiomba. Kweli. Hata anayeoga hukumtafuta, ulimkuta tu, na bado uligeuka.

Tumeona msichana akiacha masomo juu ya picha moja. Wale ishirini walibaki kilasini.