Je, Ni Haki Kumwuliza Maswali Anayekaribia Kufa?

Watu wengi husema: mgonjwa asiyeweza kupona aachwe kwa amani, asisumbuliwe na maswali ya waganga. Neno hilo latoka katika moyo mwema. Lakini tulipime vizuri, kwani huruma isiyo na elimu yaweza kumwacha ndugu yetu katika mateso.

Homa hupimwa kwa kipimajoto, bali maumivu hayana kipimo ila kinywa chake anayeumwa. Asipoulizwa atanyamaza, nasi tutadhani amepumzika. Huko London, Cicely Saunders aliifungua nyumba ya St Christopher's mwaka 1967, na humo aliunganisha mambo matatu: kutunza, kufundisha na kutafiti. Mwaka 1993 Anne Merriman alianza kazi ya namna hiyo Kampala, kwa morfini ya kunywa, yaani unga uliokorogwa katika maji. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu kwa sheria hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo.

Lakini hospitali moja huona wagonjwa wachache, na kidole kimoja hakivunji chawa. Tena kila nyumba ikiuliza kwa namna yake, majibu hayawezi kujumlishwa, kama vile vijiji viwili vinavyopima unga kwa vikapu visivyolingana. Kwa hiyo Chama cha Afrika cha utunzaji huo, kilichoundwa Arusha mwaka 2004, kiliwaunganisha watu wa nchi mbalimbali, Uganda na Afrika ya Kusini miongoni mwao, wawe na maswali ya namna moja. Ni 10 tu: 7 ya mgonjwa, 3 ya jamaa anayemtunza. Hayahusu mwili peke yake, bali hata mahangaiko, na kama moyo una amani.

Basi, ni haki? Twajibu: ni haki, kwa masharti matatu. Kwanza, mgonjwa akubali kwa hiari. Akichoka aachwe, na akikataa asipunguziwe matunzo. Pili, anayeuliza juu ya maumivu awe na dawa ya kuyatuliza, kwani kuuliza na kuondoka ni kumfanya mtu kuwa chombo. Hapo pana aibu kubwa: mwaka 2018 wataalamu waliandika katika gazeti la waganga, The Lancet, kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi zilizo maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Tatu, maarifa yarudi vitandani yalikotoka, yasifungiwe katika vitabu vya mbali.

Huenda mgonjwa hatayaona matunda ya majibu yake. Ameyatoa kwa ajili ya mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua. Hospitali inayoyaficha isiwape wenzake imemnyima zawadi yule aliyekusudiwa kuipata.

Nasi tunaowatembelea wagonjwa wa parokia, tujifunze kuuliza: "Wapi panauma? Usiku ulilalaje?" Kisha tulipeleke jibu kwa muuguzi. Tusiseme upesi kwamba hakuna la kufanya. Kuponya kukishindikana, kutuliza bado kupo, na kazi hiyo yatudai sote.