Mkono wa Mzazi Katika Kazi ya Mtoto

Hapana kazi iliyo ndogo hata ikashindwa kufichua tabia ya mtu anayeifundisha. Kupaka rangi askari wa mchezo wa mezani, sanamu zenye kimo cha milimita 28 hivi, ni kazi ya namna hiyo. Mchezo huu una mizizi mirefu Uingereza. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kusubu askari wa madini ya risasi, wenye uvungu ndani. Mwaka 1913 H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kuwapiganisha sakafuni. Siku hizi sanamu nyingi ni za plastiki, nazo huuzwa vipande vipande bila rangi, kwa hiyo mnunuzi huziunga na kuzipaka mwenyewe. Aghalabu ustadi huu hupokewa nyumbani, kwa baba, shangazi au kaka.

Ifikiriwe nyumba moja ya Nottingham, mji wenye makao makuu ya Games Workshop, kampuni kubwa ya sanamu hizi. Baba amfundisha binti yake wa miaka tisa. Amwonyesha kukwangua mshono ulioachwa na kalibu, kupaka rangi ya kwanza ili nyingine zishike, na kuzimua rangi kwa maji, maana rangi nzito huziba mikunjo ya nguo na kufuta uso. Mtoto asikia, lakini mkono wake bado haujasikia: rangi yarundikana, jicho moja lashukia shavuni. Usiku, mtoto akiisha kulala, baba achukua brashi na kulirudisha jicho mahali pake. Asubuhi mtoto aona askari mzuri, afurahi, ajisifu. Je, baba ametenda wema?

Wako watakaosema ametenda, kwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Walakini methali hiyo yasema samaki akunjwe. Haisemi aondolewe, awekwe mwingine badala yake. Alichopewa mtoto ni mkopo asioujua, na siku atakapoketi peke yake mbele ya askari wa pili atadaiwa. Atauona mkono wake umeharibika kwa usiku mmoja, wala hatajua sababu. Tena baba alilitazama jicho lile kwa umbali wa shubiri moja. Wachezaji hulitazama jeshi kwa urefu wa mkono au zaidi, na huko jicho halionekani sana. Yaelekea aliona haya kwa ajili yake mwenyewe.

Wala sifa za uwongo si dawa. Mtoto akiuliza, "Baba, jicho limekaa vizuri?" aambiwe kwamba limeshuka. Neno hilo halimvunji moyo kama watu wazima wanavyodhani, madhali kosa lina njia ya kurudi: rangi hizi za maji hukauka kwa dakika chache, na nyingine ikapakwa juu yake, hata zikiharibika kabisa, sanamu ya madini huweza kuoshwa kwa spiriti ikaanzwa upya. Kwa daktari wa upasuaji ni jambo jingine.

Iko sehemu moja ambayo mwalimu mwenye busara humwachia mwanafunzi tangu siku ya kwanza, nayo ni kitako anachosimama askari. Hupakwa gundi nyeupe, hunyunyizwa mchanga. Ukishakauka hutiwa rangi ya udongo, kisha brashi iliyofutwa hata ikakaribia kukauka hupitishwa juu na rangi iliyo nyeupe zaidi, na vilele vya chembe vikajitokeza. Mkono usiotulia hauharibu kitu hapo, kwa kuwa ardhi haina mstari ulionyoka. Wapo wanaoidharau kazi hii. Lakini hapo mtoto apata kitu kizima kilichotoka mkononi mwake, ambacho baba hana la kukiongeza.

Na mkono wa baba uende wapi? Uchukue askari wake mwenyewe, umpake meza ile ile, na makosa yake yaonekane, maana mtoto ajifunza mengi kwa kumwona fundi akikosea na kurekebisha. Ugumu ni kuketi pale bila kuunyosha mkono huo, wakati jicho la askari wa pili linaposhuka polepole kuelekea shavuni.